Kamera ya kutega wanyamapori: tathmini baada ya kiangazi kizima katika nyika ya Dodoma

Kamera ninayoitathmini hapa ni ile inayofungwa kwenye mti na kuachwa porini, ikajipigia picha yenyewe kila mnyama anapopita mbele yake. Ni ya daraja la kati: si ile ya bei ya chini kabisa inayonunuliwa na wenye mashamba kwa ajili ya ulinzi, wala si ile ya gharama kubwa inayotumiwa na miradi yenye wafadhili wa nje. Tulizinunua kadhaa kwa ajili ya utafiti wa mamalia katika nyika ya kaskazini mwa Dodoma, upande wa Chemba na Kondoa, tukazitumia tangu nyasi zilipoanza kukauka mwezi Juni hadi mawingu ya kwanza ya Novemba. Kila moja ilitugharimu takriban shilingi laki sita ikiwa imefika mkononi. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa kasoro nyingi nitakazozieleza nimezikuta katika kamera za kampuni nyingine pia, na nia yangu ni kumwonyesha mwanafunzi, mhifadhi au mtafiti wa wilayani namna ya kuipima kamera ya aina hii kabla hajatoa fedha.

Matangazo ya kamera hizi husifu ukali wa picha, megapikseli 20, 30 na zaidi. Kwa anayetafiti idadi ya wanyama, sifa hiyo huja mwisho kabisa. Swali lake la kwanza ni hili: ni wanyama wangapi walipita mbele ya kamera nayo isiwapige picha? Hakuna kamera isiyokosa. Ikikosa kwa kiwango kinachojulikana, na kiwango hicho kikawa kilekile kwa kamera zote zilizotegwa, hesabu hurekebishika. Ikikosa leo hivi na kesho vile, bila mpangilio unaoeleweka, basi hata ikileta picha ya kuvutia ya chui akinywa maji, takwimu zake hazina pa kusimama. Hicho ndicho kipimo nilichokitumia kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kinachoiamsha kamera ni kihisi cha joto kilichowekwa chini ya lenzi. Kihisi hicho hakimwoni mnyama; kinachokipata ni tofauti ya joto kati ya mwili unaopita na ardhi au vichaka vilivyo nyuma yake, na namna tofauti hiyo inavyosogea. Ndani ya msitu wenye ubaridi kazi hiyo ni nyepesi. Katika nyika yetu, saa nane mchana ya mwezi Oktoba, mchanga na mawe hushika joto linalokaribia lile la ngozi ya mnyama, na pengine kulipita, tofauti ikafifia na kihisi kikabaki kimelala. Kwenye boksi imeandikwa kwamba kamera hii hunasa hadi mita 25. Tulipoijaribu wenyewe kabla ya kuipeleka porini, mtu aliyetembea kwa mwendo wa kawaida saa moja asubuhi alinaswa hadi mita 15 hivi. Saa nane mchana, mtu yuleyule, mahali palepale, hakunaswa tena alipozidi mita 7.

Lakini mtu ni mkubwa mno kuwa kipimo cha digidigi, ambaye uzito wake ni kati ya kilo 3 na 6 hivi. Kwa hiyo tuliazima mwanambuzi kwa mzee mmoja mfugaji, jirani wa kambi yetu, na mjukuu wake akakubali kumvuta kwa kamba ndefu huku yeye mwenyewe akisimama pembeni, nje ya upeo wa kihisi. Mchana ule mwanambuzi alipigwa picha kila alipopita mita 3 mbele ya kamera. Alipopitishwa mita 5, mara nyingi kadi haikuwa na kitu. Jaribio hilo halikutugharimu chochote zaidi ya alasiri moja, na lilitufundisha mengi kuliko kijitabu chote cha maelekezo. Ningependa kila mwanafunzi anayepewa kamera afanye hivyo kabla ya kutega hata moja, tena alifanye katika joto la mahali atakapofanyia kazi.

Athari yake katika utafiti ni kubwa. Picha zetu za digidigi zilijaa alfajiri na jioni, mchana zikawa chache mno. Mtu akizisoma hivyohivyo ataandika kwamba digidigi wa nyika hii hupumzika mchana. Huenda ni kweli, maana wanyama wengi wa sehemu kavu hutafuta kivuli jua linapokuwa kali. Ila kwa kamera hii peke yake huwezi kutenganisha usingizi wa mnyama na usingizi wa kihisi. Dawa tuliyoipata ni kuzitega kamera zote kwa kimo kimoja, sentimita 40 hadi 50 kutoka ardhini, mita 3 hivi kutoka kwenye njia ya wanyama, penye kivuli, zikitazama kaskazini au kusini. Kamera inayotazama mashariki au magharibi hupiga picha za mwanga mtupu jua linapochomoza au kutua. Nyasi zote zilizo mbele hukatwa, kwa sababu jani lililopashwa joto na jua likitikiswa na upepo huiamsha kamera sawasawa na mnyama, na Dodoma kwa upepo wa Agosti na Septemba haina mfano.

Kasi ya kupiga picha baada ya kihisi kushtuka inaridhisha. Fungo na nungunungu, ambao hutembea taratibu, walitokea mwili mzima. Nguchiro wanaokimbia walituachia mikia.

Taa ya usiku inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndiyo inayoamua kama kamera hii inakufaa au haikufai. Kamera yetu inatumia mwanga usioonekana kwa macho, na picha zake za usiku ni nyeusi na nyeupe. Kwa kumtambua mnyama ni wa aina gani, inatosha: fisi madoa, nyegere, muhanga, bweha na kanu wote walitambulika bila mabishano. Kwa kumtambua mnyama mmoja mmoja, haitoshi. Chui hutofautishwa kwa madoa yake, kwa kuwa hakuna wawili wenye mpangilio mmoja, na madoa ya ubavu wa kushoto hayafanani na ya kulia, ndiyo maana mtafiti hutega kamera mbili zinazotazamana ili kupata mbavu zote mbili kwa wakati mmoja. Njia hiyo ilipata nguvu baada ya mtafiti wa wanyamapori Ullas Karanth kuitumia kukadiria idadi ya chui milia katika hifadhi ya Nagarahole nchini India, kazi aliyoichapisha mwaka 1995: unawatambua kwa milia yao walionaswa mara ya kwanza, unaangalia ni wangapi kati yao wananaswa tena, na uwiano huo unakupa makisio ya wale ambao hawakunaswa kabisa. Hesabu yote inategemea kusoma alama bila kukosea. Katika picha zetu, chui aliyepita taratibu madoa yake yalisomeka. Aliyeongeza mwendo aligeuka ukungu wenye mkia. Anayetaka kuhesabu chui asinunue kamera hii. Atafute yenye taa nyeupe inayomulika kwa nguvu, akijua kwamba taa hiyo itamwonyesha pia mpita njia mahali kamera ilipo, na kamera inayoonekana huibiwa.

Wanyama wengi wa nyika, hata hivyo, hawana madoa ya kuwatofautisha. Digidigi mmoja ni sawa na mwingine, na picha 200 za digidigi zinaweza kuwa za wanyama wanne wanaozunguka eneo lao kila siku. Kosa hili nimeliona katika ripoti zaidi ya moja: picha zinahesabiwa kama vichwa. Kwa wanyama hao, jambo ambalo kamera inaweza kulijibu kwa uaminifu ni kama wapo mahali fulani au hawapo, na hata jibu hilo lina masharti yake. Tuseme mahali ambapo digidigi wapo, kamera ina nafasi ya asilimia 30 ya kumnasa mmoja wao ndani ya wiki moja. Baada ya wiki nne, bado kuna uwezekano wa asilimia 24 kwamba hujapata hata picha moja, ilhali wapo. Ukiiacha wiki nane, uwezekano huo unashuka hadi kama asilimia 6. Kwa hiyo kamera iliyokaa wiki mbili na kurudi tupu haijathibitisha chochote, na mhifadhi anayeandika kwamba mnyama ametoweka kwa ushahidi huo anaandika asichokijua. Kwa upande huu kamera yetu ilifanya vizuri, kwa sababu ilivumilia kukaa porini wiki nyingi mfululizo, na kwa sababu kamera zote za vituo vya hesabu zilikuwa za toleo moja, kiwango cha kukosa kikawa karibu sawa kwa zote.

Anayedhani mambo haya ni ya darasani tu aangalie hesabu za tembo wa Ruaha na Rungwa, mfumo wa ikolojia ulio kusini na magharibi mwetu. Hesabu ya angani ya mwaka 2013 ilikadiria tembo 20,090. Ya mwaka 2014 ikatoa 8,272. Iliyorudiwa mwaka 2015 ikatoa 15,836. Ujangili wa miaka ile ulikuwa wa kweli na wa kutisha. Kwa nchi nzima makisio yalishuka kutoka tembo wapatao 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 na ushei mwaka 2014, na msiba huo haupunguzwi na maelezo ya kitaalamu. Lakini tembo jike hubeba mimba kwa miezi 22, na hakuna kundi linaloweza kuzaliana kutoka 8,000 hadi karibu 16,000 ndani ya mwaka mmoja. Tofauti kati ya 2014 na 2015 haiwezi kuelezwa kwa kuzaliana. Ndege huruka juu ya sehemu tu ya eneo, wahesabuji huhesabu ndani ya ukanda mwembamba, kisha idadi hukadiriwa kwa eneo lote. Na kwa kuwa tembo huenda kwa makundi, kundi kubwa likiangukia ndani ya ukanda au nje yake, makisio hutikisika sana, mbali na wanyama wanaohama au wanaofichwa na miti. Kila takwimu ya namna hiyo huja na kiwango chake cha shaka, na gazeti linapoiondoa shaka hiyo na kubakiza namba moja, umma na viongozi hufanya maamuzi kwa namba ambayo mtafiti mwenyewe hakuitoa peke yake. Kamera iliyo mtini inatoka katika ukoo huohuo wa makisio, na inastahili heshima na tahadhari ileile.

Pamoja na hayo, aina hii ya kamera imeipa nchi yetu mambo ambayo macho ya binadamu yasingeyapata kwa urahisi. Katika msitu wa Ndundulu, kwenye Milima ya Udzungwa, ndiyo iliyompiga picha mwaka 2005 sange mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, wa takriban gramu 700, ambaye sayansi haikuwa ikimjua, na akatangazwa rasmi kuwa spishi mpya mwaka 2008. Nyika zetu za kati hazipati watafiti wengi kama misitu ile ya milimani, wala hazina watalii wa kulipia utafiti kama Serengeti. Vichaka vya Itigi kule Manyoni na mapori ya Kondoa na Chemba vinastahili kamera nyingi zaidi kuliko zilizopo sasa, na ndiyo sababu bei ya kifaa hiki naiona kuwa jambo la uhifadhi, si la biashara tu.

Umbo la kamera ni imara kiasi. Vumbi halikuingia ndani ya lenzi. Sisimizi waliingia kwenye chumba cha betri cha kamera iliyokuwa na mpira uliolegea, wakaweka mayai juu ya vyuma vya mawasiliano hadi kamera ikazimika. Tangu hapo tukawa tunapaka grisi kwenye mpira wa mlango na kuzungushia kitambaa chenye mafuta kwenye shina. Mkanda wa nailoni unaokuja na kamera haufai, kwa sababu fisi huutafuna. Tembo ni habari nyingine: alichomoa kamera moja mtini na kuikanyaga, na picha ya mwisho kwenye kadi ni ngozi ya mkonga iliyojaza fremu nzima, mikunjo yake na vinyweleo vyake vigumu vikionekana kimoja kimoja. Fundi wa kuchomelea hapa mjini alitutengenezea maboksi ya bati nene yenye masikio mawili ya kupitishia nondo nyembamba na kufuli, kwa gharama ambayo haikufika sehemu ya kumi ya bei ya kamera. Baada ya hapo hatukupoteza nyingine.

Betri ni nane, zile ndogo za kawaida. Betri za bei rahisi zinazouzwa barazani zilififia mapema, na kabla ya kuisha kabisa ziliifanya taa ya usiku iwe hafifu, kwa hiyo kamera ikawa inaona mchana kuliko usiku bila kutoa onyo lolote. Kasoro ya namna hiyo ni mbaya kuliko kamera iliyozimika, kwa kuwa iliyozimika unaijua. Betri za lithiamu zilidumu na kubaki na nguvu sawa hadi mwisho, ila ni ghali. Za kuchaji ni wastani mzuri, mradi zote nane ziwe za umri mmoja.

Kasoro nisiyoweza kuisamehe iko kwenye saa. Kila betri zinapotolewa, tarehe na saa hurudi mwanzo, na kamera huanza kupiga picha kana kwamba ni tarehe 1 Januari, bila kumuuliza mtu. Katika utafiti ambao swali lake kubwa ni mnyama gani hupita wakati gani, picha isiyo na saa ya kweli imepoteza nusu ya thamani yake. Betri ndogo ya akiba, kama zile za saa ya mkononi, ingelimaliza tatizo hili kwa fedha kidogo sana. Hadi watengenezaji watakapoiweka, njia ni moja: kila unapofungua kamera, andika tarehe, saa na namba ya kituo kwenye kibao, ukishike mbele ya lenzi hadi ipige picha, kisha hakikisha kwa macho yako kwamba kilichoandikwa kwenye kibao na kilichoandikwa na kamera vinalingana.

Kamera pia hupiga picha za watu, na jambo hili halimo katika kijitabu cha maelekezo. Nyika hii ina walina asali, wachungaji, akina mama wanaotafuta kuni. Kabla ya kutega tulikwenda na kibali cha utafiti kwa mtendaji wa kijiji, tukakaa na wazee, tukaeleza kifaa kinafanya nini, na tukakubaliana kwamba picha yoyote ya mtu itafutwa siku hiyohiyo inapoonekana na haitapelekwa kokote. Mzee mmoja aliuliza kama tungeyatimiza hayo hata tukiombwa picha hizo na mtu mwenye cheo. Lilikuwa swali la haki, na jibu lake lilipaswa kutolewa pale pale mbele ya wote. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, jambo hili si la adabu peke yake. Kijiji kilichoaminishwa hulinda kamera vizuri kuliko kufuli.

Kuhusu kuzichambua picha, mnunuzi ajue kwamba kazi kubwa huanza kamera zikirudi. Sehemu kubwa ya picha zetu ilikuwa nyasi na vivuli. Tulitumia MegaDetector, programu isiyolipiwa ambayo hutenga picha zenye mnyama, mtu au gari na zile tupu. Haimtaji mnyama ni wa aina gani, kazi hiyo inabaki kwa binadamu anayewajua. Iliokoa muda mwingi mno, na inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida bila intaneti ikishawekwa. Hata hivyo, tulichukua sehemu ya picha ilizoziita tupu na kuzikagua wenyewe, kwa sababu mnyama mdogo aliyejikunja kwenye kivuli anaweza kuikwepa programu yoyote, na kiwango hicho cha kukosa nacho kinapaswa kuandikwa katika ripoti pamoja na kile cha kihisi.

Kwa jumla ya kazi tuliyoifanya, ningeinunua tena kwa ajili ya kujua ni mamalia gani wapo katika eneo na wanalitumiaje usiku, na nisingeinunua kwa ajili ya kuhesabu chui wala kwa utafiti wa mienendo ya mchana katika miezi ya Septemba hadi Novemba. Huduma ya muuzaji baada ya mauzo ilikuwa dhaifu: mpira wa mlango uliochakaa haukupatikana hata kwa kuagiza, ikabidi tuukate kutoka kwenye mpira wa dirisha la gari. Ukiagiza, agiza zote kwa mara moja na ukague namba ya toleo kwenye kila boksi kabla ya kulipa. Sisi tuliletewa mbili za toleo jipya zilizochanganywa na za zamani, zenye kihisi chepesi zaidi kushtuka, na hatukuweza kuzilinganisha na zilizobaki. Tukazitumia kwenye kisima tu, mbali na vituo vya hesabu.